Chupa Kumi na Moja za Chai

Mwanangu Atupele,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Saa hizi uko Iyula kwa bibi yako, umekalishwa karibu na jiko, unalishwa viazi na maharage kana kwamba huko chuoni Dodoma hakuna chakula, na jioni utarudi na furushi la mahindi mabichi ambayo hujui utayachemshia wapi. Mimi niko kibandani. Mvua imetufukuzia wateja, vitenge vimekunjwa vyote, na Mama Saidi hapo jirani anasinzia juu ya maboksi yake ya viatu. Nimeona niandike sasa mchana, maana kesho alfajiri pale stendi nitakuwa nalia huku nagombana na wapakia mizigo, na mtu hawezi kusema la maana akiwa kwenye hali hiyo.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za kutopokea soda kwa usiyemjua. Hayo bibi yako ameshakuambia leo mara tatu, na baba yako atayarudia kwenye simu mpaka salio liishe. Mimi nataka kukuambia habari za chupa za chai.

Umekulia kwenye nyumba yenye chupa za chai kumi na moja. Nyekundu, zile mbili za maua, ya kijani ambayo chai yake hupoa kabla hujaleta vikombe. Wageni wakifungua kabati wanadhani tuna mpango wa kufungua hoteli. Uliwahi kuniuliza, nikakujibu kwamba mama yako anapenda chupa. Nilikudanganya. Wala sizipendi. Kila moja ni Alhamisi moja niliyokwenda Mbeya nikaogopa kurudi mikono mitupu. Na Alhamisi zilikuwa nyingi kuliko chupa, nyingine nilirudi na mabeseni, na moja nilirudi na yale mapazia ya zambarau ambayo baba yako hajayazoea hadi leo.

Nianzie kwa mama yako mkubwa Eliza. Humkumbuki sana, ulikuwa na miaka sita alipofariki. Unajua aligongwa na lori hapa barabarani. Usichojua ni kwamba kibanda hiki tulikuwa nacho wawili, mimi na dada yangu, na tulikuwa na zamu ya kuvuka barabara kwenda kununua chakula cha mchana. Siku ile zamu ilikuwa yangu. Nikamwambia mguu unaniuma. Mguu haukuwa unauma, Atu. Nilikuwa nimevua viatu, nimekaa vizuri, nimeona uvivu kuinuka. Eliza akachukua sahani akaenda, na lori lililokuwa linateremka likashindwa kusimama.

Kwenye msiba sikulia. Nilipika. Nilipanga masufuria, nikagawa zamu za kuchota maji, nikawatafutia mahali pa kulala watu waliotoka Iyula na watu waliotoka ng'ambo Zambia, Nakonde. Wazee wakanisifu, huyu mama ana moyo. Nami nikajisikia fahari, nikaona kulia ni kazi ya wasio na kazi. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza, na nimeuweka mwanzo kwa sababu ndio mama wa mengine yote.

Ulipita kama mwaka hivi. Siku moja lori likasimama hapo mbele, likatoa upepo wa breki, ile pshaaa unayoijua, na mimi nikajikuta nimekaa chini katikati ya vitenge, mapigo ya moyo yanakimbia, mikono imekufa ganzi. Nikajua nakufa. Sikufa. Kesho yake ikarudi. Sasa fikiria, mtu anaishi Tunduma, nyumba yake iko Mpemba kando ya barabara kuu, mume wake ni dereva wa malori, halafu hataki kusikia breki ya lori. Ni sawa na mvuvi kuogopa maji.

Hapo nina deni la kukuomba radhi. Ulikuwa na miaka minane, unacheza lori uani na ndoo iliyotoboka, ukafunga breki kwa mdomo, pshaaa. Nikatoka jikoni nikakuchapa kofi. Hukulia, ulinitazama tu ukiwa bado umeshika mpini wa ndoo. Nilikwambia nimekuchapa kwa sababu ya kuchafua nguo. Nguo ilikuwa safi. Nisamehe, mwanangu. Kofi lile nimelibeba muda mrefu kuliko wewe.

Nikaanza kutafuta dawa. Hospitali wakanipima moyo na presha, wakasema mama huna kitu. Kanisani wakaniombea, nikatulia siku mbili, na zile siku mbili nazishukuru hadi leo. Shoga mmoja akaniambia kuna mganga huko Galula, nikapanda pikipiki na kuku mweupe mapajani. Tukapata pancha mara mbili, na mara ya pili kuku akaruka akaingia porini, na yule kijana wa pikipiki akamkimbiza mpaka akapotea na yeye, akarudi baada ya saa nzima mikono mitupu. Mganga akaniambia nimerogwa na jirani yangu mwenye biashara. Jirani yangu mwenye biashara ni Mama Saidi, ambaye hata bei ya viatu vyake huisahau. Nikarudi nacheka peke yangu kwenye pikipiki, na bado natetemeka.

Aliyenisaidia ni nesi mmoja, wala si wa hospitali kubwa. Nilikwenda kuomba dawa za usingizi. Akanitazama akaniuliza, "Mama, ulifiwa na nani?" Sikuwa nimemwambia lolote. Nikamwambia ni zamani. Akasema, "Sijauliza lini." Akaniandikia kwenye karatasi jina la nyumba moja ya kanisa huko Mbeya, yuko mama anayewasikiliza watu kila Alhamisi, amesomea kazi hiyo. Chini akaandika: ushauri nasaha.

Nikaikunja ile karatasi kama bangi. Wewe umekua wakati mwingine, lakini miaka ile hapa barabarani kwetu, ukisema unakwenda kwenye ushauri nasaha, watu wanasikia kitu kimoja tu: kakutwa na ngoma, ana UKIMWI. Kwenye mji wa madereva, mke wa dereva. Wangehesabu kilo zangu kila asubuhi. Na ukisema hapana, ni mambo ya akili, ndiyo wanakuonea huruma zaidi, wanaanza kuongea na wewe polepole. Basi nikatangaza kwamba naenda Mbeya kufuata bidhaa. Bidhaa gani? Hapo ndipo chupa ya kwanza ilipozaliwa, ile nyekundu.

Yule mama aliitwa Mama Lugano. Mfupi, miwani imefungwa kamba, sweta kubwa la kiume. Mimi nilidhani atanihubiria, au atanipa kidonge. Alinipa kiti, akakaa, akanyamaza. Nikamwambia, "Nipe ushauri basi, nimetoka mbali." Akasema, "Ushauri una haraka gani? Bado sijakujua." Saa nzima nikamweleza bei za vitenge. Alhamisi ya pili nikamweleza bei za vitenge na ubaya wa kubadilisha kwacha kwa wale vijana wa mpakani. Alisikiliza kana kwamba anataka kufungua kibanda.

Ya tatu nikasema dada yangu alikuwa anapenda vitenge vya bluu, na hapo nikakatika. Nililia, Atu, nililia mpaka nikaona aibu ya kelele zangu, na watu wako kwenye benchi nje. Nikamweleza habari ya mguu. Hiyo habari sikuwahi kumwambia mtu, hata baba yako. Nilingoja aseme si kosa lako, maana ndivyo watu wanavyosema, na nilikuwa nimejiandaa kubisha. Hakusema. Aliniuliza, "Huyo dada yako alikuwa mtu wa kutumwatumwa?"

Eliza? Nikaanza kucheka na makamasi yangu. Eliza hakutumwa na baba, hakutumwa na mwalimu, hakutumwa hata na mchungaji. Eliza alikuwa anapenda kuvuka barabara kwa sababu muuza chapati upande wa pili alikuwa anamtania, na yeye akimjibu mpaka soko zima linacheka. Zamu zangu nyingi alinipokonya. Siku ile nilidanganya mguu unauma, ni kweli, na uongo ule ni wangu. Lakini hata ningesema mguu mzima, angenyakua sahani. Tangu azikwe nilikuwa sijacheka kwa ajili yake. Nilikuwa nimemzika mara mbili, mara ya pili mimi mwenyewe, na vichekesho vyake vyote.

Nikadhani nimepona. Nikanunua chupa, nikapanda basi, na tulipofika Mlowo lori likapumua pembeni, nikaangusha chupa ikavunjika ndani. Ndiyo ile ya kijani. Sikuwa na moyo wa kuitupa.

Sasa huku nyumbani, watu hawajalala. Mwanamke anaenda Mbeya kila Alhamisi, amevaa vizuri, anarudi macho mekundu na chupa moja ya chai. Wewe ungesema nini? Ana bwana Mbeya. Habari hizo zilinifikia, na unajua nilifanyaje? Nilinyamaza. Niliona heri niitwe malaya kuliko niitwe mgonjwa. Huo ni ujinga wangu wa pili, na ulikuwa mkubwa, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anayesikia.

Baba yako alikuwa akirudi safari baada ya wiki mbili, tatu. Anaegesha pale uwanjani Mpemba, anafunga breki, pshaaa, na mkewe anakimbilia chooni na kujifungia. Kila safari. Akitoka chooni uso umelowa, hataki kuguswa. Hakuwahi kuuliza. Unamjua, yule Mndali anaweza kukaa na neno kifuani kutoka Ndola mpaka Dar. Ndipo Mama Saidi, kwa wema wake wote, akamwambia, "Shemeji, mimi sisemi kitu, lakini kwenda Mbeya kila Alhamisi kufuata chupa moja ya chai, ni biashara gani hiyo?"

Alhamisi iliyofuata baba yako akamwachia utingo lori kwenye foleni ya forodha, akapanda basi la nyuma yangu. Amevaa lile koti lake la baridi kama askari wa upelelezi. Akanifuata mpaka kwenye ile nyumba. Anataka kuingia tu, mama mmoja kwenye benchi akamwambia, "Kaka, hapa tunapanga foleni." Mtu ambaye nusu ya maisha yake amekaa foleni ya Tunduma, amefuata mwizi wa mke wake mpaka Mbeya, anaambiwa apange foleni. Na akapanga. Ananisimulia mpaka leo kwamba alikaa kwa hasira zote katikati ya wamama wawili, na mmoja akampa karanga.

Mlango ulipofunguliwa aliingia ameshakunja mikono ya koti. "Yuko wapi?"

Mama Lugano akainua miwani. "Nani?"

"Mwanaume."

"Mwanaume humu ni wewe peke yako, baba. Kaa."

Akakaa. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Mama Lugano akanigeukia akasema yeye hawezi kutoa neno langu mdomoni mwangu, nikitaka niseme mwenyewe. Nikasema. Nikaanza na mguu, nikamaliza na choo. Baba yako akavua lile koti, akalikunja mapajani. Halafu akasema, sauti siyo yake, "Mama Atu, mimi nilijua umenichoka. Kila nikifunga breki unakimbia. Nikasema huyu hata harufu yangu haitaki. Safari ya mwisho nililala kwenye lori hapo hapo Mpemba, naiona taa ya nyumbani, ili nisikusumbue."

Nilikuwa sijui. Mume wangu alilala hatua mia mbili kutoka kitandani kwake kwa sababu mimi niliona aibu ya neno moja. Kati ya vyote vilivyotokea, Atu, hicho ndicho kinachoniuma zaidi, kuliko hata kofi lako.

Akamgeukia Mama Lugano akamuuliza, kama anayeuliza spea, "Kwa hiyo si mimi? Ni breki?"

"Ni breki."

"Aa," akasema, "breki naziweza."

Na hapa ndipo unapoingia wewe. Unakumbuka zile Jumamosi za Mpemba, ulipokuwa unapandishwa kwenye lori la baba? Unakumbuka mchezo wa kitufe? Unapakatwa, mimi naweka kigoda mbali kule karibu na mashine ya kusaga, namimina chai, nainua mkono, na wewe unavuta kitufe cha breki, pshaaa, halafu mnaangalia kama mama amemwaga. Ulikuwa unahesabu. "Amemwaga!" Ukicheka mpaka unakohoa. Jumamosi iliyofuata nasogeza kigoda hatua kumi.

Haukuwa mchezo, mama. Ilikuwa ni tiba. Mama Lugano alinipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa darasa la pili: kaa mbali na unachokiogopa, kunywa chai, kikizoeleka sogea. Usiruke hatua. Chai ilikuwa wazo la baba yako, alisema chupa zipo, zifanye kazi. Jumamosi ya kwanza nilijimwagia kikombe kizima kwenye kitenge kipya. Watu wa Mpemba walisimama kututazama, ile familia ya dereva wameingiwa na nini. Kwa mara ya kwanza sikujali walichosema, maana nilikuwa nakuangalia wewe juu dirishani, meno mawili ya mbele hayapo, unangoja mkono wangu.

Sauti ile ile niliyokuchapia, ndiyo uliyonitibia. Hukujua, na sikukwambia. Siku kigoda kilipofika ubavuni mwa tairi, ukavuta, na chai ikabaki kikombeni yote, baba yako alipiga honi mpaka malori ya foleni yakaitikia. Mama Saidi, ambaye naye anakaa Mpemba, alikuja mbio akidhani kuna ajali. Nikammiminia chai, nikamwambia kila kitu, hapo hapo. Alilia, akaomba radhi, halafu akaniuliza kama yule mama wa Mbeya anapokea na Waislamu. Wiki iliyofuata tulikwenda wawili. Hayo yake atakusimulia mwenyewe akitaka.

Usidhani yameisha yote. Hata juzi, lori limepumua nimegeuka mgongo, mkono ukatafuta pembe ya meza. Nikaishika, nikavuta pumzi, nikamgeukia mteja wangu wa Nakonde, nikamsalimu kwa Kibemba, "Mulishani mukwai," nikamuuzia doti mbili. Ndivyo ilivyo. Mtu hapewi mwili mpya, anazoeshwa huu alionao.

Sasa sababu ya barua. Mwaka jana, rafiki yako Sekela alipofariki, nilikuja jikoni pale msibani kukutafuta. Nikakukuta umefunga kanga kiunoni, unakata vitunguu, unagawa zamu za maji. Mama mmoja akasema, huyu binti ana moyo. Vitunguu vyote vile, Atu, na macho makavu.

Tangu siku ile umeacha kwaya, unasema ratiba. Mama yake Sekela akipiga simu unaniachia mimi. Na kwenda dukani unazungukia nyuma, njia yote ile ya matope, ili usipite mbele ya nyumba yao. Unadhani sikuoni. Mimi ni mtaalamu wa njia za kuzungukia, mwanangu, nilizunguka miaka miwili.

Sikuulizi kuna nini. Nilitaka kuuliza, mara nyingi, lakini mama anayependa sana huwa na haraka ya kufuta machozi, na mimi najijua, ningekupikia wali. Kuna watu wamesomea kukaa na machozi bila kuyafuta. Nimeulizia. Huko chuoni wapo, wana ofisi yao, wanafunzi wanaingia bure na hakuna anayetangazwa. Sikulazimishi kwenda kesho, wala keshokutwa. Weka kigoda mbali kwanza. Ipite tu hiyo ofisi, uone mlango wake una rangi gani.

Ndani ya sanduku lako, chini ya shuka, nimeweka ile chupa nyekundu. Ya kwanza, na ndiyo pekee iliyo nzuri kweli, inashika moto mpaka asubuhi. Sasa kabatini zimebaki kumi, na pengo lake linaonekana.

Mimi nilinunua chupa ili nifiche nilikotoka. Wewe usinifuate hapo. Ila siku utakayoingia ofisi ile, ukakaa, hata kama utaongea bei za vitenge saa nzima, ukitoka nipigie. Hulazimiki kunieleza mlichosema. Niambie tu, "Mama, nimekununulia chupa."

Nitalia, nitacheka, nitamwamsha Mama Saidi. Sitauliza bei.

Mama yako